Safari Rally: sekunde 57 ambazo hazikumtosha Thierry Neuville

Asubuhi ya siku ya Mungu, tarehe 27 mwezi wa sita 2021, Mbelgiji Thierry Neuville aliamka Naivasha, inchini Kenya, akiwa wa kwanza katika Safari Rally. Alikuwa anamtangulia Mjapani Takamoto Katsuta kwa sekunde 57 na nukta 4. Vilibaki vipande vitano tu vya barabara, na katika mbio za magari za siku hizi, ambako mara nyingi ushindi unaamuliwa kwa sekunde tano au sita, dakika nzima ni mali nyingi. Alichotakiwa kufanya ni kuendesha kwa akili mpaka mchana.

Hakufika. Kwenye kipande cha kwanza cha siku hiyo, kiitwacho Loldia, kando ya ziwa Naivasha, amortisere ya nyuma ya Hyundai yake ilivunjika. Gari likachechemea mpaka mwisho wa kipande, yeye na kopilota wake Martijn Wydaeghe wakashuka kutazama uharibifu, na mbio zao zikaishia hapo. Kufika mchana, Mfaransa Sébastien Ogier wa Toyota ndiye aliyekuwa anapanda juu ya gari lake kushangilia.

Wasomaji wetu wengi wa Goma na Nyiragongo hawakufuata mbio hizo wakati zilipopita, na sababu inajulikana. Volkano ilikuwa imelipuka tarehe 22 mwezi wa tano, mwezi mmoja tu mbele. Watu walikuwa wangali wanatafuta mahali pa kulala, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza nani ameshinda Kenya. Ndiyo maana tunarudi kwenye matokeo yale, na kwenye yale madereva waliyosema nyuma yake, kwa sababu yanaeleza vizuri kuliko mwaka mwingine wowote jinsi mbio hizi zinavyofanya kazi.

Kwanza, kwa wale ambao wamezoea kuona Formula 1 kwenye televisheni: rally haina uwanja wa kuzunguka. Magari hayaondoki pamoja. Kila gari linaingia peke yake kwenye kipande cha barabara kilichofungwa, saa inahesabu, kisha linatoka na kwenda kwenye kipande kingine kwa barabara ya kawaida, likifuata sheria za barabara kama gari lingine lolote. Mwisho wanajumlisha saa za vipande vyote. Mwaka huo wa 2021 vilikuwa vipande 18, jumla karibu kilometa 320, kuanzia siku ya ine hadi siku ya Mungu. Ndani ya gari mko watu wawili: dereva, na kopilota anayemsomea kona kutoka kwenye daftari. Na jambo la kukumbuka ni hili: makanika wana ruhusa ya kugusa gari ndani ya kambi ya matengenezo tu, tena kwa dakika zilizohesabiwa. Likivunjika njiani, ni dereva na kopilota wenyewe wanaolitengeneza, kwa vyombo na vipuri walivyobeba ndani ya gari.

Hiyo sheria ya mwisho ndiyo iliyomwangusha Neuville.

Safari Rally yenyewe ni mzee. Ilianza 1953, wakati ambapo Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa bado chini ya Waingereza, na magari yalikuwa yanapita katika inchi zote tatu. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala aliyehamia Kenya, aliishinda mara tano, moja mwaka wa 1973 na nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Joginder Singh wa Kenya aliishinda mara tatu. Halafu nyuma ya mwaka wa 2002, pale Mskoti Colin McRae alipochukua ushindi wa mwisho wa maisha yake katika ubingwa wa dunia, Kenya ikatolewa kwenye kalenda. Miaka 19 ikapita. Iliporudi mwezi wa sita 2021, Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe ndiye aliyeinua bendera Nairobi, na hakuna hata dereva mmoja kati ya wale wakubwa aliyekuwa amewahi kushindana kwenye barabara hizo. Wote walikuwa wageni.

Barabara zikawafundisha haraka. Siku ya tano asubuhi, Muingereza Elfyn Evans, aliyekuwa anamfuata Ogier katika hesabu ya ubingwa, aligonga jiwe na siku yake ikaisha. Mhispania Dani Sordo naye akatoka barabarani asubuhi hiyo hiyo. Mchana, kwenye kipande cha Kedong, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote, kilometa zaidi ya 32, kijana Kalle Rovanperä wa Finland alizama ndani ya mchanga. Alikuwa na miaka 20 tu. Baba yake, Harri, alikuwa amemaliza wa pili katika Safari ile ya 2002, kwa hiyo nyumbani kwao mbio hizi zinajulikana. Lakini kujua hadithi ya baba hakuondoi gari kwenye mchanga.

Mchanga wenyewe, madereva wanauita fesh-fesh. Ni vumbi laini kama unga, linalotokana na udongo wa volkano wa bonde lile lililo chini ya mlima Longonot. Juu unaona barabara sawa, chini yake kuna shimo au jiwe ambalo daftari la kopilota halilioni. Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa sana: ni ndugu ya vumbi jeusi linaloingia nyumbani mwetu wakati wa kiangazi, isipokuwa wao wanalipitia kwa kilometa mia na zaidi kwa saa.

Na Ogier? Siku ya tano hiyo hiyo, mapema kabisa, Toyota yake nayo ilivunjika amortisere. Ndiyo, chombo kile kile. Akaburura gari, akapoteza muda mwingi sana mbele ya walioongoza, na bingwa huyo wa dunia wa mara saba alieleza baadaye kwamba hapo aliacha kabisa kufikiria ushindi. Lakini ilikuwa siku ya tano. Gari lilifika kambini, makanika wakaweka amortisere mpya, na mbele yake kulikuwa na siku mbili za kufukuza.

Hapa ndipo mimi naona kiini cha mbio zile. Wawili hawa walivunjikiwa kitu kimoja. Mmoja alivunjikiwa wakati bado kuna nafasi ya kutengeneza, mwingine wakati nafasi imekwisha. Kuna wanaosema Ogier alishinda kwa bahati, na siwezi kuwapinga kabisa. Lakini bahati ilimkuta yuko nafasi ya tatu, baada ya kupanda mtu kwa mtu tangu siku ya tano jioni, huku akilinda gari kwenye mawe na kuongeza mwendo pale tu barabara ilipomruhusu. Kama angekata tamaa, bahati ingempita na kumwendea Katsuta.

Siku ya posho, mvua nayo ikaja kuchukua sehemu yake. Kwenye kipande cha mwisho cha siku, kiitwacho Sleeping Warrior, ilinyesha kwa ghafula. Kioo cha mbele cha Hyundai ya Ott Tänak, bingwa wa dunia wa 2019 kutoka Estonia, kikajaa ukungu kwa ndani mpaka asione njia. Ikabidi asimame katikati ya mashindano akipanguse. Wazia: gari la thamani kubwa namna hiyo, wahandisi toka Ulaya na Asia, na kinachokosekana ni kitambaa. Nafasi yake ya kupigania ushindi ikaishia pale.

Kwa hiyo siku ya Mungu, Neuville alipotoka, Katsuta na Ogier, wote wa Toyota, wakabaki wawili. Kwa muda mfupi Mjapani huyo alijikuta mbele, yeye ambaye hakuwa amewahi kupanda hata kwenye jukwaa la watatu wa kwanza katika ubingwa wa dunia. Ogier akamfikia, akampita, akamaliza akimwacha kwa sekunde 21 na nukta 8. Tänak akawa wa tatu, zaidi ya dakika moja nyuma. Gus Greensmith na Adrien Fourmaux wa Ford wakafuata, kisha Rovanperä wa sita. Wakenya nao hawakutoka mikono mitupu: Onkar Rai alimaliza wa saba, Karan Patel wa nane na Carl Tundo wa tisa, kwa magari yasiyo na nguvu kama yale ya wakubwa.

Maneno ya madereva kwenye mstari wa mwisho hayakuwa maneno ya kawaida ya washindi. Katika rally, mwandishi anamkuta dereva dirishani mara tu anaposimama, kofia ikingali kichwani, jasho na vumbi usoni. Hana muda wa kupanga anachosema. Ogier alizungumzia ugumu wa siku zile kuliko alivyozungumzia mwendo wake. Ulikuwa ushindi wake wa ine wa mwaka, na ndio uliomsogeza karibu na ubingwa wa nane, ambao aliupata kweli mwisho wa mwaka, kabla kopilota wake Julien Ingrassia hajaacha kazi. Katsuta alikuwa na furaha ya mtu aliyeona nafasi ya kwanza kwa macho yake kisha ikamponyoka, na aliishukuru timu yake. Neuville hakuficha uchungu. Kwake, yeye na kopilota wake walikuwa wamefanya kila kitu sawasawa, hawakuwa wanalazimisha gari, na ushindi ulikuwa mikononi mwao.

Kuna kitu cha kuelewa katika uchungu huo. Wakati ule Neuville alikuwa tayari amemaliza wa pili katika ubingwa wa dunia mara tano: 2013, kisha 2016, 2017, 2018 na 2019. Kila mwaka kulikuwa na kitu kidogo kilichokosekana. Pointi 25 za mshindi wa Kenya zilikuwa za kumrudisha kwenye mbio za taji la 2021. Alirudi nyumbani bila pointi za ushindi, na mwisho wa mwaka alikuwa wa tatu.

Na Kenya haikumhurumia hata baadaye. Mwaka wa 2022, Toyota walichukua nafasi zote ine za kwanza, Rovanperä mbele. Kijana aliyezama mchangani mwaka mmoja kabla sasa alikuwa njiani kuwa bingwa wa dunia mdogo kuliko wote katika historia. Mwaka wa 2023 wakarudia hivyo hivyo, ine kwa ine, na Ogier akamshinda Rovanperä kwa sekunde 6 na nukta 7, ijapokuwa mlango wa nyuma wa gari lake ulikuwa umeng'oka na vumbi linaingia ndani wanamoketi. Mwaka wa 2024, mbio zikahamishwa toka mwezi wa sita hadi wakati wa Pasaka, yaani msimu wa mvua. Vumbi likageuka matope. Rovanperä akashinda tena, Katsuta akawa wa pili tena. Neuville, ambaye mwaka huo huo alipata hatimaye taji lake la dunia huko Japani, pale Naivasha alikuwa wa tano.

Mtu atauliza kwa nini ni Toyota kila mara. Kwetu huku jina hilo lina maana yake. Yeyote aliyepanda toka Kamanyola kwa njia ya Ngomo wakati wa mvua anajua ni magari gani yanafika Bukavu na ni yapi yanalala njiani. Lakini tusijidanganye, Yaris ya mashindano haina undugu mkubwa na Land Cruiser ya mizigo. Hyundai imeshinda mbio nyingi kwingine duniani. Kilichoonekana Kenya ni kwamba Toyota yalivunjika pia, mara nyingi tu, ila yaliendelea kutembea hadi makanika wayafikie.

Mwezi wa tatu 2025, mbio zikarudi Naivasha, na safari hii mshindi akawa Elfyn Evans, yule wa jiwe la siku ya tano 2021. Alimwacha Tänak kwa zaidi ya dakika moja, Toyota ikapata ushindi wake wa tano mfululizo tangu Safari irudi. Nafasi ya tatu, zaidi ya dakika tatu nyuma ya Evans, gari likiwa limechakaa lakini likitembea, alikuwa Thierry Neuville. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda jukwaani Kenya.