Mbegu za pamba zenye jeni ya bakteria: Zitamsaidia nini mkulima wa Bugarama?

BUGARAMA, kata iliyo katika Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, inafahamika zaidi kwa dhahabu ya mgodi jirani wa Bulyanhulu. Hata hivyo, kaya nyingi za ukanda huo, kuanzia Kahama hadi Geita, bado zinaishi kwa jembe: pamba kwa ajili ya fedha, mahindi, mpunga na mihogo kwa ajili ya chakula.

Ukanda wa Magharibi wa kilimo cha pamba, unaojumuisha Shinyanga, Simiyu, Mwanza, Geita na mikoa ya jirani, hutoa zaidi ya asilimia 90 ya pamba yote ya Tanzania. Miongoni mwa maadui wakubwa wa zao hilo ni funza wa vitumba, kiwavi anayetoboa tumba na kulila kwa ndani kabla halijapasuka.

Mkulima hupambana naye kwa kunyunyizia dawa mara kadhaa katika msimu. Akichelewa siku chache, kiwavi huwa amekwishaingia ndani ya tumba na dawa haimfikii tena. Fedha ya dawa imetoka, na pamba imeliwa.

Hapo ndipo inapozaliwa hoja ya mbegu zilizobadilishwa vinasaba, maarufu kama GMO. Je, mbegu hizo hutengenezwaje, na zinaweza kutatua tatizo lipi hasa?

Jeni huhamishwaje?

Jeni ni maelekezo yaliyomo ndani ya kila chembe hai, yanayoamua mmea uweje: urefu wake, rangi ya ua lake, uwezo wake wa kuhimili ugonjwa. Tangu enzi na enzi wakulima wamekuwa wakiyabadilisha maelekezo hayo kwa kuchagua mbegu bora na kuzirudisha shambani.

Watafiti wa Kituo cha Ukiriguru, mkoani Mwanza, wamekuwa wakifanya kazi hiyo kwa kuzalisha mimea teule pamoja. Aina za pamba za UK 91 na UKM 08 ni matunda ya kazi yao. Lakini njia hiyo huchukua miaka mingi, na huwezekana tu kati ya mimea iliyo na undugu wa karibu.

Uhandisi jeni huvuka mpaka huo. Mtaalamu huchukua jeni moja au chache kutoka kwa kiumbe chochote na kuziingiza katika mmea anaoutaka.

Njia inayotumika sana ni ya kumtumia bakteria wa udongoni aitwaye Agrobacterium. Kwa asili yake, bakteria huyo hupenyeza sehemu ya jeni zake ndani ya mmea na kuusababishia uvimbe. Wanasayansi humwondolea jeni za ugonjwa, wakaweka mahali pake jeni wanayotaka isafirishwe. Mimea ya kwanza iliyobadilishwa kwa njia hiyo ilitangazwa mwaka 1983.

Njia ya pili ni ile iitwayo bunduki ya jeni, iliyobuniwa Marekani katika miaka ya 1980. Chembe ndogo mno za dhahabu au tungsteni hupakwa jeni, kisha hurushwa kwa kasi hadi ndani ya chembe hai za mmea. Kwa njia zote mbili, chembe zilizopokea jeni huoteshwa maabara hadi ziwe mimea kamili.

Njia mpya zaidi haihitaji lazima kuleta jeni ya kigeni. Ni kama mkasi unaokata jeni ya mmea wenyewe mahali palipokusudiwa. Kwa ugunduzi huo wa mwaka 2012, Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020.

Silaha dhidi ya funza

Pamba inayozungumzwa zaidi ni ile iitwayo Bt. Jeni yake imetoka kwa bakteria Bacillus thuringiensis, ambaye hutengeneza protini yenye sumu kwa viwavi. Kiwavi akila jani au tumba, protini hiyo hutoboa utumbo wake naye hufa. Tumbo la binadamu halina vipokezi vinavyoiwezesha sumu hiyo kufanya kazi.

Pamba hiyo ilianza kulimwa kibiashara Marekani mwaka 1996, kisha India mwaka 2002. Serikali ya Kenya iliidhinisha kilimo chake Desemba 2019.

Hata hivyo, faida yake ina mipaka. Pamba ya Bt haiui wadudu wanaofyonza maji ya mmea, kama vidukari na chawajani, hivyo dawa haikwepeki kabisa. Aidha, jeni hiyo hairutubishi udongo, haipalilii shamba wala haipandishi bei ya pamba mnadani.

Burkina Faso ni mfano wa kuzingatiwa. Nchi hiyo iliruhusu pamba ya Bt mwaka 2008, funza wakapungua. Lakini nyuzi za pamba hiyo zilikuwa fupi kuliko za awali, soko likashuka, na kufikia mwaka 2016 nchi iliamua kuiacha.

India nako, funza mwekundu alizoea sumu na kurejea mashambani. Ili kuchelewesha usugu wa namna hiyo, wataalamu huelekeza kutenga sehemu ya shamba kwa pamba ya kawaida. Agizo hilo si rahisi kwa mkulima mwenye ekari mbili, hasa pale ambapo mbegu za wakulima wengi huchanganyika katika kiwanda kimoja cha kuchambulia.

Mihogo nayo

Kwa upande wa chakula, tatizo kubwa zaidi Kanda ya Ziwa ni magonjwa ya mihogo: batobato na michirizi ya kahawia. Virusi vyake huenezwa na inzi weupe na kwa pingili zilizoambukizwa. Michirizi ya kahawia ni hatari kwa sababu majani yanaweza kuonekana mazima huku mzizi ukiwa umeoza.

Katika uhandisi jeni, kipande cha jeni ya kirusi huwekwa ndani ya muhogo ili mmea ukitambue kirusi hicho na kukizima. Mamlaka ya Kenya iliidhinisha muhogo wa aina hiyo Juni 2021 kwa ajili ya majaribio ya kitaifa mashambani.

Tanzania imesimama wapi?

Kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zilimbebesha aletaye mbegu hizo dhima ya madhara hata bila kuthibitika uzembe. Baada ya kulegezwa kwa watafiti mwaka 2015, jaribio la mahindi yanayostahimili ukame lilipandwa Makutupora, Dodoma, Oktoba 2016.

Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliagiza majaribio hayo yasitishwe na mabaki yateketezwe. Januari 2021 ilitangaza tena kusitisha tafiti za aina hiyo. Wanaounga mkono hatua hizo walihofia mkulima kuwa tegemezi kwa kampuni za nje zenye hakimiliki ya mbegu. Wanaozipinga walisema kufunga majaribio ni kuikosesha nchi ushahidi wake yenyewe.

Hoja zote mbili zina uzito. Lakini mtu wa Bugarama hatanufaika na jibu la jumla la "ndiyo" au "hapana". Jeni moja hutibu tatizo moja. Anayestahili kuulizwa kwanza ni mkulima: msimu uliopita alipoteza zaidi kwa funza, kwa ukame, kwa muhogo uliooza, au kwa bei? Dawa hutafutwa baada ya ugonjwa kujulikana.