Uteuzi wa Maikrofoni Ndogo za Kapasita kwa Kurekodi Ngoma: Mfano wa Rudewa, Wilaya ya Kilosa

Neno ngoma katika Kiswahili lina maana zaidi ya moja. Ni chombo kilichowambwa ngozi. Ni mchezo unaochezwa. Tena ni kusanyiko zima la watu waliokuja kucheza na kutazama. Mtafiti aendaye kurekodi ngoma hana budi kuamua kwanza ni ipi katika maana hizo anayoitafuta, maana maikrofoni ifaayo kwa chombo huenda isifae kwa kusanyiko.

Rudewa, kata iliyoko kaskazini ya mji wa Kilosa, yaonyesha vyema ugumu wa jambo hili. Wilaya ya Kilosa ni nchi ya Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, na mashamba ya mkonge yalileta humo vibarua wa makabila mengi. Katika mahali pa namna hiyo maneno ya wimbo ni hazina kwa mwanaisimu, lakini ndiyo yanayomezwa upesi na mshindo wa ngoma, njuga na vigelegele. Sauti kama s iko zaidi juu ya hezi 4000, nayo ni dhaifu. Ikipotea, msikilizaji hawezi tena kutambua neno, na mwimbaji mzee aliyelijua huenda asiwepo wa kuulizwa.

Hugh Tracey, aliyerekodi katika Tanganyika mwaka 1950 na kuanzisha International Library of African Music mwaka 1954, alizoea kushika maikrofoni moja mkononi na kuisogeza kuelekea sauti aliyoitaka. Mitambo yake ilikuwa mizito, ikachukuliwa kwa gari. Siku hizi kinasa sauti hutosha katika mfuko, bali uamuzi ni ule ule: sikio la mashine liwekwe wapi, na liwe la namna gani.

Maikrofoni ya kapasita iliundwa na E. C. Wente huko Marekani mwaka 1916. Ndani yake mna kiwambo chembamba mno, nacho kimekabili bamba lisilosogea. Sauti ikitikisa kiwambo, nafasi baina ya viwili hivyo hubadilika, na badiliko hilo hugeuzwa kuwa umeme. Neno kiwambo lafaa hapa bila kulazimishwa, kwani kitu hicho huwambwa kama ngozi ya ngoma. Katika maikrofoni ya koili, kiwambo hubeba waya uliozungushwa, kwa hiyo ni kizito na huchelewa kuitika. Cha kapasita ni chepesi. Hupata mwanzo wa kila pigo, na konsonanti za mwimbaji pia. Gharama yake ni kuhitaji umeme, ambao kwa kawaida ni volti 48 zipitazo katika waya ule ule wa sauti. Hata zile za elektreti, zilizotokana na kazi ya Gerhard Sessler na James West mwaka 1962, huhitaji umeme kwa ajili ya kikuza kilichomo ndani. Basi kinasa kisichotoa volti 48 kisinunuliwe pamoja na maikrofoni izitakazo.

Maikrofoni huitwa ndogo kiwambo chake kikiwa na upana wa milimita 20 hivi au pungufu. Faida yake ni kwamba sauti itokayo ubavuni haigeuki sana tabia, jambo kubwa mahali ambapo wachezaji wamezunguka duara. Hasara yake ni kuwa na mvumo wake wenyewe ulio mkubwa kidogo kuliko wa zile pana. Kwa ngoma mvumo huo hausikiki; kwa zeze, ambalo Wagogo walio upande wa magharibi wanasifika kwalo, husikika. Kwa hiyo mnunuzi na atazame hesabu mbili: ukali wa juu inaoweza kuvumilia, usipungue desibeli 130 ikiwa itakaribia ngoma, na mvumo wa ndani, usizidi desibeli 20 ikiwa itarekodi vyombo vya sauti ndogo.

Jambo la tatu ni upande inaosikia. Iliyo na usikivu wa mfano wa moyo hupuuza sauti za nyuma yake, lakini ikisogezwa karibu sana hukuza sauti nene kupita kiasi. Isikiayo pande zote haina kosa hilo, tena haisumbuliwi sana na upepo. Ila haimtengi mwimbaji na mpigaji. Kwa Rudewa, ambako maneno ndiyo yanayotafutwa, ile ya mfano wa moyo yafaa kuelekezwa kwa mwimbaji, mgongo wake ukiwa kwa ngoma. Jozi moja yaweza kurekodi kusanyiko zima kwa mpango wa redio ya Ufaransa uitwao ORTF: sentimita 17 baina ya mbili, na pembe ya digrii 110.

Katika zile za bei nafuu, Behringer C-2 huuzwa mbili mbili, na bei yake ni ya chini. Rode M5 na Rode NT5 hupanda juu yake. Oktava MK-012, itengenezwayo Tula katika Urusi, ina vichwa vinavyobadilishwa, hata mtafiti mmoja akapata usikivu wa namna mbili kwa mwili mmoja. Mwenye fedha kidogo na anunue jozi moja nzuri kuliko nne dhaifu, na abakize fedha ya nguzo imara, waya, na kizuia upepo cha manyoya. Uwanjani, maikrofoni ya bei kubwa isiyo na kizuia upepo hushindwa na ya bei ndogo iliyo nacho.

Kabla ya kulipa, yafaa kuijaribu. Njuga zitikiswe umbali wa nusu mita huku maikrofoni ikizungushwa polepole. Ikiwa mlio wa mbele ni mkali wa kukwaruza, sauti ya s nayo itakwaruza. Ukimya urekodiwe dakika moja, upate kusikia mvumo. Kadhalika unyevu wa masika huifanya maikrofoni ya kapasita ipasuke-pasuke. Ihifadhiwe katika sanduku lenye kikausha unyevu.

Sauti irekodiwe kwa biti 24 na hezi 48,000, pasipo kubanwa. Tena wachezaji wasipangwe upya kwa ajili ya mashine. Mashine ndiyo itafutiwe mahali pake, kwa kuwa ngoma iliyopangwa kwa ajili ya maikrofoni si ile aliyoijia mtafiti.