Dhoruba ya Jangwani: Je, Kila Picha Husema Kweli?

Katika ukurasa huu tutaitazama picha moja mashuhuri ya Misri. Pengine mtauliza: Misri na Mbalibali wapi na wapi? Tunaunganishwa na maji. Mto Mara, unaopita kati ya Tarime na Serengeti, huingia Ziwa Viktoria. Kutoka ziwa hilo, pale Jinja nchini Uganda, huanza safari ya mto Naili hadi Cairo. Ng'ambo ya Cairo, upande wa magharibi, ndiko Giza yaliko mapiramidi.

Mchoraji wake ni David Roberts, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1796. Alifika Misri mwaka 1838. Inaelezwa kuwa aliruhusiwa kuchora ndani ya misikiti ya Cairo kwa sharti kwamba asitumie brashi za nywele za nguruwe. Aliporudi kwao, michoro yake ilichapishwa katika vitabu vikubwa, na wengi Ulaya waliijua Misri kwa macho yake. Mwaka 1850 alimpa mwandishi Charles Dickens picha ya rangi za mafuta iitwayo Kukaribia kwa Samumu katika Jangwa la Giza.

Samumu ni upepo wa moto wa jangwani. Neno hili mmelisoma katika Qur'ani, na ni ndugu wa neno letu "sumu". Huko Misri upepo wa aina hiyo unaojulikana zaidi ni khamsini, yaani "hamsini", kwa sababu husemwa kuwa msimu wake ni siku hamsini. Kwa kawaida huvuma kati ya Machi na Mei. Vumbi hutanda hewani, mchana ukawa kama jioni, na jua likafifia na kuwa jekundu. Katika hilo Roberts hakukosea.

Tatizo liko kwingine. Katika picha imo sanamu kubwa ya mawe, Abulhauli, yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu. Urefu wake ni mita 73 hivi, nayo hutazama mashariki. Sasa fanyeni jaribio. Hapa kwetu kibla ni kaskazini, kikielekea mashariki kidogo. Tukisimama kukielekea, jua huzama mkono wetu wa kushoto. Basi anayejua pande zake hadanganyiki. Ukilinganisha uso wa Abulhauli na mahali jua lilipowekwa, dira haikubali. Mchoraji amelihamisha jua ili picha itishe zaidi.

Je, kuna ubaya? Kwa pambo la ukutani, si mkubwa. Lakini picha nyingi za namna hii zikiwekwa pamoja, mtazamaji wa mbali hudhani nchi za Mashariki ni magofu, mchanga na hofu tu. Hawaoni wakulima wa bonde la Naili, wala masoko, wala wanazuoni wa Al-Azhar, chuo kilichoanza mnamo mwaka 970.

Nasi yametufika. Picha nyingi za Serengeti ni nyumbu na simba, kana kwamba wilayani hapa hakuna wakulima wa mahindi na mtama, wala wafugaji, wala madrasa.

Kwa hiyo, mkiona picha, iwe ya kuchorwa au ya simu, ulizeni mambo matatu: nani ameitengeneza, amesimama wapi, na ameacha nini nje? Kuthibitisha habari ni katika mafundisho yetu, na picha nayo ni habari.