Mpambe na kibaraka: mkono wa kulia wa mhusika mwovu

Katika uhakiki wa fasihi, mhusika anayetekeleza matakwa ya mhusika mwovu mkuu huitwa ama mpambe ama kibaraka. Maneno haya hukaribiana, lakini hayalingani.

Kibaraka ni mtu atumiwaye na mwingine kwa maslahi ya huyo mwingine; neno hili hubeba dharau. Neno mpambe linatokana na kitenzi pamba. Kiishio -e, kama katika mtume na mteule, humdokeza mtendwa: aliyepambwa. Hadhi yake ni ya kuazima. Hata hivyo, neno hili si la kubeza kila mahali: mpambe wa rais ni afisa wa kijeshi mwenye heshima.

Tazama Kenga katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea. Yeye ni mshauri mkuu wa Majoka, mtawala wa Sagamoyo. Hushauri, hupanga na hunufaika. Hatimaye humwacha bwana wake. Kumwita kibaraka ni kumpunguzia lawama, kwani aliyeweza kuchagua kuondoka alichagua pia kukaa.

Mfasiri na ajiulize: mhusika huyu anatumiwa tu, au anashiriki kwa hiari? Akitumiwa tu, ni kibaraka. Akishiriki, ni mpambe.