Maneno Yaliyozaliwa na Mlio (2): Bipu Si Kiingereza Tena

Juma lililopita tulitazama pikipiki na tingatinga, majina ambayo masikio yetu wenyewe yaliyatunga kutokana na ngurumo za mashine. Leo tuchukue neno lililotungwa na masikio ya Waingereza: bipu. Huko kwao huigiza mlio mfupi wa honi ya gari au wa mtambo. Setilaiti ya Kisovieti, Sputnik, iliporushwa tarehe 4 Oktoba 1957, mlio wake redioni uliitwa kwa neno hilo. Lakini Mwingereza ukimwambia akubipu akifika, hatajua kwamba anatakiwa apige simu na kuikata kabla haijapokewa. Maana hiyo ni yetu na majirani zetu wa Rwanda, Uganda na Kongo. Ndiyo maana nadai kwamba bipu limekwisha kuwa neno la Kiswahili.

Tazama kwanza sarufi. Jibu, lenye asili ya Kiarabu, hutupa jibiwa na jibiana. Bipu nalo limefuata njia hiyohiyo: bipiwa, bipiana. Kisha tazama matumizi yake Doha, walikokwenda kufanya kazi Watanzania, Wakenya na Waganda wengi. Saa ya Doha ndiyo saa ya Dar es Salaam na Nairobi, hivyo bipu ya saa mbili usiku kutoka nyumbani humfikia mlinzi au dereva saa mbili usiku vilevile. Haina hata neno moja, ila yeye ameshaelewa: anatafutwa, na mwenye mshahara ndiye apigaye. Jonathan Donner, mtafiti aliyeichunguza desturi hii Rwanda na kuchapisha makala yake mwaka 2007, aliikuta kanuni hiyo: mwenye uwezo ndiye hulipia mazungumzo. Alitenganisha bipu ya kuomba kupigiwa, bipu yenye ujumbe uliokwisha kupatanwa, na bipu ya kujuliana hali tu. Mkenya huenda akasema kuflashi, akaupa mwanga kazi ambayo Mtanzania ameupa mlio. Mmisri wanayefanya naye kazi husema rinn, naye anaigiza mlio kwa Kiarabu chake.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba huu ni uvivu, na kwamba tungetosheka kusema "piga ukate". Nauheshimu wivu wao kwa lugha, lakini "piga ukate" hueleza kitendo cha kidole tu. Haielezi ombi lililomo ndani yake, wala adabu ya kujua nani alipe. Wengine husema neno hili litakufa, kwa kuwa siku hizi watu huzungumza kwa WhatsApp bila kuhesabu dakika. Hoja hii ina uzito zaidi, maana bipu ilizaliwa na ukweli kwamba simu isiyopokewa haikatwi pesa. Hata hivyo neno limeshaivuka simu. Vijana wa Tanzania humwonya mchokozi: "Usinibipu, nitakupigia." Hapo hakuna simu wala mlio, kuna uchokozi na jibu lake. Watunga kamusi, liandikeni bipu pamoja na maana zake zote, ile ya simu na hii ya uchokozi, na asili yake ya Kiingereza itajwe kama inavyotajwa asili ya Kiarabu ya jibu.

Itaendelea.