Magari Yanapoambiana Habari Barabarani

Ukishapita Salgaa ukielekea Eldoret, barabara inaanza kupanda kwenda Sachangwan na trela za mizigo ya Malaba hujikokota mlimani. Dereva wa gari dogo aliye nyuma ya trela haoni mbele. Husubiri indiketa. Mwenye trela akiwasha ya kushoto, kuko wazi, pita. Akiwasha ya kulia, tulia, kuna gari linakuja. Anayepita ameweka roho yake mikononi mwa mtu asiyemjua hata jina.

Watengenezaji wa magari wanataka kazi hiyo ifanywe na mawimbi ya redio. Gari hutangaza mara 10 kwa sekunde mahali lilipo, kasi yake, linakoelekea na kama limekanyaga breki, na magari yaliyo umbali wa mita 300 hivi hupokea. Barabara hii ina haja kubwa ya habari kama hizo. Tarehe 31 Desemba 2017 basi liligongana na lori pale Migaa, watu 36 wakafa. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, lori lilivamia magari na wachuuzi, wakafa zaidi ya 50. Lori lililoshindwa kusimama lingeweza kuyaonya magari ya mbele kabla halijaonekana. Mama anayeuza viazi kando ya lami, hata hivyo, hana redio ya kupokea onyo hilo.

Na mawimbi yanaweza kubeba uongo. Mhalifu akitangaza kwamba kuna gari limekwama mbele, magari yatafunga breki ghafla. Ndiyo maana kila ujumbe hutiwa saini ya kidijitali inayothibitishwa kwa cheti. Hapo tatizo la pili linazaliwa: saini ileile ikitumika kila siku, mtu akiweka vipokezi Gilgil, Nakuru mjini na Salgaa atajua nani amepita wapi na saa ngapi. Mfumo uliobuniwa Marekani huligawia gari vyeti visivyo na jina, kama 20 kwa wiki, ambavyo hubadilishwa kila baada ya dakika 5 hivi. Kazi ya kuvitoa imegawanywa kwa vitengo mbalimbali ili kusiwe na hata kimoja kinachoweza, peke yake, kujua cheti fulani ni cha gari gani.

Nakuru bado haijafika huko. Magari mengi yaliyotumika Japani, yakiwashwa tu, sauti ya kike husema kwa Kijapani kwamba kadi haijaingizwa. Ni kifaa cha kulipia barabara za kule. Hapa hakuna cha kukijibu.

Kinachozungumza kweli huku ni traka, kifaa cha kufuatilia gari. Mizigo inayopita Kenya kwenda nchi jirani hufuatiliwa kwa kufuli za kielektroniki, na kiwango cha KS 2295 cha mwaka 2018 kinataka vidhibiti mwendo vitume taarifa kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Halafu kuna traka za bei nafuu. Fundi wa nyaya huificha moja chini ya dashibodi, hutia laini ya simu, na mwenye gari huanza kuliona kwenye simu yake. Nyingine humwezesha hata kukata mafuta akiwa mbali.

Julai 2022 idara ya usalama wa mitandao ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu traka moja ya aina hiyo, MiCODUS MV720. Watafiti wa BitSight, kampuni ya usalama wa mitandao, walikuta kasoro sita. Nywila iliyotoka nayo kiwandani ilikuwa 123456. Asiye mwenye gari angeweza kulifuatilia na hata kulikatia mafuta likiwa safarini, na kampuni iliyoitengeneza traka hiyo ilikuwa na vifaa milioni 1.5 vinavyotumika katika nchi 169. Mmiliki yeyote aliyefungiwa traka na asiyewahi kubadilisha nywila ana sababu ya kurudi kwa fundi wiki hii.

Anayesahaulika zaidi ni dereva wa kuajiriwa. Traka huonyesha alikokula, alikolala pale Salgaa, na alisimama kwa nani Jumapili. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, si ya mwenye gari pekee, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa dereva haki ya kuelezwa habari zake zinakusanywa kwa sababu gani na nani anazipokea. Tajiri asipomwambia, anaweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data.