UZI: Ukiambiwa "turudi kwa mababu", uliza babu yupi

1.
Watu wangu, kuna hoja ambayo haikosi kwenye mijadala: ati tumeharibika kwa sababu tuliacha njia za mababu, na dawa ni kurudi huko. Wengi huisema kwa nia safi. Lakini kuna mahali hoja hii ilisukumwa hadi mwisho wake, na inafaa tujue ilifika wapi. Ni Austria, Ujerumani na Italia, kati ya 1900 na 1945.

Sheria ya hapa mnaijua: hatutaji wanasiasa wala vyama. Waandishi na wakuu wa jumuiya za siri nitawataja. Twende.

2.
Anza na Vienna. Mwaka 1910 jiji lina watu takriban milioni 2. Wacheki wanaingia kutafuta kazi, Wayahudi wanatoka Galicia, viwanda vinameza mafundi wadogo. Mwaka 1907 upande wa Austria ukawapa wanaume wote watu wazima kura sawa ya bunge. Kwa mfanyakazi wa kiwanda huo ulikuwa ushindi. Kwa Mjerumani wa tabaka la kati aliyezoea kuhesabiwa wa juu, ilikuwa kama kuamka na kukuta kiti chake kina mtu mwingine.

Shika hiyo hofu. Bila hiyo, haya mengine yote yataonekana vituko tu.

3.
Sasa aingie Guido von List, mwana wa mfanyabiashara wa ngozi. Hiyo "von" ya kikabaila alijibandika mwenyewe. Mwaka 1902 alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, akakaa karibu miezi 11 bila kuona. Alipopata nuru akasema kule gizani alifunuliwa siri ya runi, zile herufi za kale za Wajerumani. Mwaka 1908 akaiweka kitabuni.

Runi zake zilikuwa 18. Shida ni kwamba mfumo wa zamani zaidi unaopatikana kwenye mawe na silaha una herufi 24, na uliofuata kule Skandinavia una 16. Hiyo 18 aliitoa kwenye shairi la kale la Iceland linaloorodhesha maneno 18 ya uganga. Kwa ufupi, "siri ya mababu" ilikuwa na umri wa miaka michache tu.

4.
Hapa ndipo ujanja wa elimu ya siri ulipo. Msomi akisema runi fulani ina maana fulani, unamwambia lete jiwe tulione. List akisema "nilifunuliwa", utamwuliza nini?

Mwaka 1903 alipeleka andiko lake kuhusu lugha ya kale kwa taasisi ya kifalme ya sayansi pale Vienna. Likarudishwa bila neno. Wafuasi wake hawakujiuliza kama lina kasoro. Walianzisha jumuiya ya kumtetea, na kukataliwa kwake kukawa ushahidi kwamba wasomi wanaficha kitu. Unaijua hiyo tabia, ama vipi?

5.
Na hao mababu walitaka nini? Ajabu, walitaka kile kile List alichotaka. Aliandika kwamba zamani makuhani wenye hekima ndio waliotawala, Kanisa likawapiga vita, na siku moja watarudi. Katika dola hiyo mpya, haki za raia ni za wenye damu "safi" pekee. Wengine ni watumishi.

Mwenzake, Lanz von Liebenfels, alikuwa mtawa aliyetoka utawani 1899. Kuanzia 1905 alichapisha jarida la Ostara, akihubiri kwamba kuna watu wa nuru na watu nusu-wanyama, na hao wa pili wahasiwe au wafanyizwe kazi kwa nguvu. Krismasi ya 1907 alipandisha bendera yenye swastika juu ya kasri lake. Ishara yenyewe ilikuwa ya maelfu ya miaka, na Wahindu na Wabudha wanaitumia kwa heri hadi leo. Yeye alikuwa mmoja wa walioivisha chuki.

6.
Tuwe waungwana kidogo. Si kila mpenda mambo ya ghaibu aliishia huku. List na Lanz walikopa mengi kutoka kwa Theosofia, jumuiya iliyoanzishwa New York 1875 ikitangaza udugu wa binadamu wote. Mwingereza aliyeiongoza kuanzia 1907, mwanamke, alipigania India ijitawale. Elimu ya siri hiyo hiyo, siasa tofauti kabisa.

Kwa hivyo nikiulizwa sumu ilikuwa wapi, sisemi ni kwa nyota wala runi. Ilikuwa kwa lile wazo lililobandikwa juu yake: kwamba usawa ni ugonjwa wa kisasa, na zamani kila mtu alijua mahali pake.

7.
Munich, 1918. Ujerumani inaelekea kushindwa vitani. Rudolf von Sebottendorff anaanzisha Jumuiya ya Thule, inakutana kwenye hoteli ya kifahari, Vier Jahreszeiten. Ukitaka kuingia, unatia sahihi kwamba huna damu ya Kiyahudi. Mbele ya watu ni klabu ya kusoma mambo ya kale. Nyuma wana gazeti, na wanapinga jamhuri.

Januari 1919 mwanachama mmoja, mwandishi wa michezo, akaungana na fundi wa karakana za reli kuanzisha chama kidogo cha wafanyakazi. Chama hicho kikabadilisha jina, kikalinunua lile gazeti, na 1933 kikashika serikali. Yaliyofuata mnayajua: Wayahudi milioni 6 waliuawa, na mamilioni ya wengine.

8.
Sasa ngoja, kabla hujakimbilia zile video za "mapepo yaliyotawala Ujerumani". Hapo nakataa.

Chama hicho hakikufika juu kwa uganga. Kilifika kwa jeraha la kushindwa vita, kwa pesa kugeuka karatasi 1923, kwa watu takriban milioni 6 kukosa kazi mwanzoni mwa 1933, kwa magenge mitaani, na kwa wazee wa siasa waliodhani wangemtumia kiongozi wake kisha wamtupe. Kiongozi huyo mwenyewe aliwakejeli kitabuni wale wapenzi wa mambo ya kale. Sebottendorff alipochapisha kitabu 1933 akijigamba kwamba yeye ndiye aliyeandaa njia, kilipigwa marufuku. Juni 1941 wanajimu na waganga walikamatwa kote nchini.

Kwa nini nasisitiza hili? Kwa sababu ukisema "walirogwa", umewasamehe mahakimu waliotia sahihi, madaktari waliochagua nani afe, na makarani waliopiga chapa majina. Hao hawakuwa na pepo. Walikuwa na kazi, mshahara na ofisi.

9.
Lakini pia usiende upande wa pili useme yale mambo ya runi yalikuwa mchezo. Yalitoa picha na msamiati.

Mfano mmoja: ile alama ya miale miwili ya kikosi cha SS. Kihistoria, jina la runi hiyo lilimaanisha jua. List ndiye aliyeipa maana ya ushindi. Maelfu ya vijana walivaa ukosini tafsiri ya mtu mmoja wa Vienna wakiamini wamevaa mababu zao.

Mfano wa pili: Ahnenerbe, taasisi ya "urithi wa mababu", iliyoanzishwa 1935. Ilichunguza runi, michoro ya miamba na ngano za kale, lakini jibu lilijulikana kabla ya utafiti: sisi tulikuwa bora. Vita vilipoanza ikashiriki kupora makumbusho, kisha ikasimamia majaribio ya kitabibu yaliyoua wafungwa kambini Dachau. Katibu wake alihukumiwa akanyongwa 1948. Ofisi iliyoanza na ngano iliishia hapo.

10.
Italia ilikuwa na wake: Julius Evola. Mwaka 1928 aliitaka serikali ya huko iachane na Kanisa na irudie upagani wa Roma, wenye watawala kwa kuzaliwa na watumwa kwa kuzaliwa. Februari 1929 serikali ikatia sahihi mkataba na Papa. Wenye mamlaka walihesabu Wakatoliki, wakaona wapagani hawajazi hata ukumbi. Mwaka 1934 akaandika kitabu cha kuukataa ulimwengu wa kisasa wote. Serikali ilipotunga sheria dhidi ya Wayahudi 1938, kalamu yake ikapata soko tena; 1941 akatoa kitabu chake cha nadharia ya mbari.

Mlinganishe na René Guénon, Mfaransa aliyemvutia sana. Naye aliuona usasa kuwa umepotea. Lakini alisilimu, akahamia Cairo 1930, akaishi chini ya mila yenye mashehe, sheria na majirani, hadi alipofariki 1951. Hakujitungia mababu.

11.
Hapo ndipo naona tofauti. Mila inayoishi ina wenyewe. Ukisema uongo juu yake, kuna mzee atakayekukatiza: "Hapana mwanangu, haikuwa hivyo." Kuna mabishano, kuna wanawake wanaokumbuka yale wanaume waliyasahau. List hakuwa na mzee wa kumkatiza. Dini aliyoisemea ilikuwa imekufa karne nyingi, na wafu hawakosoi.

12.
Kwa hivyo sisemi tutupe mila. Nasema mtu akizileta jukwaani kuombea mamlaka, mwulize matatu:

Moja, umejuaje? Kama jibu ni ndoto au "siri ambayo hawataki mjue", andika hilo kando.

Mbili, katika hayo maisha ya zamani, wewe ulikuwa nani? Sijaona mtu anayetamani enzi za kale akajiweka upande wa watumwa.

Tatu, nani anapoteza haki tukirudi huko? Mwambie ataje makundi kwa majina. List na Lanz walijibu swali hili waziwazi kwenye vitabu vyao zaidi ya miaka 20 kabla ya 1933. Yaliyoandikwa yalikuwepo, na yeyote angeweza kuyasoma.

Uzi umeisha. Maswali weka hapo chini, nitajibu usiku. Matusi pelekeni kwingine.